Matapeli wa mtandaoni Desemba: kwa nini usajili wa laini pekee haututoshi

Desemba ni mwezi wa manunuzi. Nguo za watoto za sikukuu zinatangazwa Instagram, simu za bei nafuu zinazungushwa kwenye makundi ya WhatsApp, na tiketi za basi za kwenda Moshi au Bukoba zinaadimika. Matapeli nao wanaujua msimu huu vizuri.

Mbinu yao haihitaji utaalamu mkubwa. Tapeli anachukua picha za duka la kweli, anafungua ukurasa unaofanana nalo, anashusha bei, kisha anakwambia zimebaki mbili tu. Anataka ulipe kwanza, tena kwenye namba ya kawaida ya simu. Ukishatuma, anaongeza hela ya bodaboda. Baada ya hapo hapatikani tena.

Wapo pia wanaotuma ujumbe unaofanana na ule wa kupokea pesa, kisha wanapiga simu wakilia kwamba wamekosea namba na wanaomba urudishe. Asiyeangalia salio lake kwanza anarudisha pesa ambayo hakuipokea.

Wasikilizaji wengi huuliza: si laini zote zimesajiliwa kwa alama za vidole? Ni kweli. Tangu Januari 2020, laini ambazo hazijasajiliwa hivyo zilianza kuzimwa, na Sheria ya Makosa ya Mtandao ipo tangu mwaka 2015. Lakini tapeli hatumii jina lake. Baadhi ya laini husajiliwa kwa kitambulisho cha mtu asiyejua chochote, mfano mteja aliyeambiwa na msajili wa mtaani aweke kidole mara ya pili kwa sababu "haijasoma". Namba ikifuatiliwa, jina linalotokea ni la mtu huyo.

Jambo la pili ni kasi. Pesa ikifika kwenye namba ya tapeli, inaweza kutolewa kwa wakala au kuhamishwa ndani ya dakika chache. Wewe bado unasubiri mzigo, yeye ameshamaliza kazi. Ndiyo maana sheria na usajili husaidia zaidi baada ya wizi kutokea, na ulinzi wenye nguvu unabaki kwako, kabla hujaweka namba ya siri.

Kabla ya kuthibitisha malipo, simu hukuonyesha jina la mpokeaji. Lisome. Duka likiitwa jina moja na mpokeaji akawa mtu mwingine kabisa, simama uulize. Inapowezekana, lipa mzigo ukiwa mkononi. Ukipokea ujumbe wa pesa, angalia salio mwenyewe kwenye menyu. Namba ya siri usimpe mtu yeyote, hata anayedai anatoka kampuni ya simu.

Piga pia *106# uangalie laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukiona usiyoitambua, nenda kwenye duka la mtandao husika ikafungwe. Namba ya tapeli iripoti kwa ujumbe mfupi kwenda 15040.

Ukishatapeliwa, usione haya. Piga huduma kwa wateja mara moja, kwani pesa ikiwa haijatolewa inaweza kuzuiwa, kisha nenda polisi ukiwa na ujumbe wa muamala. Shule zinafunguliwa Januari, na kwa familia nyingi hela inayoibwa sasa ndiyo ya sare na madaftari.