Kila Upande na Gharama Zake

Ipo sentensi fupi ambayo mara nyingi husomwa mwishoni mwa hukumu za ajali za magari: "Kila upande utabeba gharama zake." Wasikilizaji huitikia kwa vichwa, maana inasikika kama haki. Mimi nimekuwa mwalimu maisha yangu yote, nami nasema hesabu hiyo si sahihi.

Tumchukue mama muuza vyungu wa hapa Matema, aliyegongwa na basi dogo katika barabara ya Ipinda akavunjika mguu. Amemfungulia mwenye gari kesi ya madai. Nyuma ya mwenye gari imesimama kampuni ya bima na wakili wake. Tuseme ameshinda, akapewa fidia ya shilingi 6,000,000. Wakili, nauli, chakula cha mashahidi na karatasi vimekula 2,500,000. Hakimu akitamka ile sentensi, mguu wa mama huyu umelipwa 3,500,000. Kampuni nayo imebeba zake, ndiyo, lakini ilikwisha kuziweka katika ada inazotoza wenye magari. Usawa uko wapi, ndugu msomaji?

Wala sheria haikuagiza hivyo. Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai ya mwaka 1966 inaiachia mahakama uamuzi juu ya gharama, ila inataka kwamba zisipomfuata mshindi, sababu ziandikwe. Sababu, si mazoea! Na Sheria ya Bima ya Magari, kwa masharti yake, inaitaka kampuni imlipe majeruhi aliyeshinda pamoja na gharama za kesi.

Kubaya zaidi ni mama huyo akishindwa. Hapo wakili wa upande wa pili huandaa hati ya gharama, ikakaguliwa, akatakiwa kuilipa yeye mwenye magongo. Kwa hofu hiyo watu hupokea chochote wanachopewa nje ya mahakama na kutia dole gumba.

Waingereza, ambao kwao tuliirithi kanuni ya mshindwa kulipa, wamekwisha kuilegeza. Tangu Aprili 2013 huko Uingereza majeruhi akishindwa, kwa kawaida halipi gharama za mdaiwa, isipokuwa amegundulika kuwa mdanganyifu. Sisi tumebaki tukilinda urithi ambao mwenyewe ameutupa.

Najua nitajibiwa kwamba hofu ikiondoka, kila mwenye mchubuko atakimbilia mahakamani. Ajabu! Kampuni ikikata rufaa, Mahakama Kuu iko Mbeya, zaidi ya kilomita 100 kutoka hapa. Nani atapanda milima ya Tukuyu kila kesi inapoahirishwa, kwa ajili ya mchubuko?

Mwongo na atozwe gharama, sikatai. Lakini aliyeleta dai kwa nia njema akapungukiwa ushahidi, mahakama imwachie. Na aliyeshinda arudishiwe alichotumia, ama hakimu aandike kwa nini ananyimwa.