Bundi wa Pemba hana haja ya kuonyesha manyoya

Kuna hoja inanichosha. Nimeisikia kwa wasomi, nimeisikia hata chumba cha habari: eti sauti ya ndege si ushahidi. Leta ngozi, leta vipimo vya bawa, ndipo tuzungumze kama hii ni spishi au la. Hoja hiyo, ndugu zangu, ni ya watu wanaofanya kazi mchana.

Mchukueni bundi mdogo wa Pemba. Pakenham, ofisa wa serikali ya kikoloni Zanzibar, alimwandika kama spishi mwaka 1937. Baadaye wakubwa wengine wakamshusha cheo, akawa namna tu ya bundi wa Madagascar. Kwa macho unaweza kuwaelewa: wote wadogo, na rangi haisaidii, maana Pemba kwenyewe wako wa kahawia na wako wekundu. Lakini nenda msitu wa Ngezi usiku usikilize. Wa Madagascar hupiga milio mifupi mfululizo. Wa Pemba hutoa "hu" moja, ananyamaza, kisha "hu" nyingine akipenda. Watafiti walipolinganisha sauti pamoja na maumbo, akarudishiwa cheo chake.

Cheo cha nini, utauliza. Jamani, hapo ndipo penye roho ya jambo! Ndege kwenye Orodha Nyekundu ya dunia hupimwa spishi kwa spishi. Bundi wa Pemba akihesabiwa ni wa Madagascar, Ngezi inaweza kufyekwa yote na karatasi zikaendelea kusema ndege huyu yupo, hana neno.

Wapinzani wana hoja moja ya maana: ndege hujifunza kuimba, kwa hiyo wa kijiji hiki na wa kile hutofautiana kama watu wanavyotofautiana lafudhi. Kweli, kwa ndege waimbaji, kasuku na wengine wachache. Bundi hafundishwi. Anazaliwa na mlio wake, na gizani ndio anaoutumia kumpata mwenzi. Sasa wewe unampimia bawa la nini?

Kisiwa cha Príncipe, upande wa pili wa Afrika, ushahidi ni mkubwa zaidi. Wenyeji walisema miaka mingi kwamba kuna bundi msituni. Watafiti wakaufuata mlio, noti moja fupi inayorudiwa kama kila sekunde, hata ukadhani ni mdudu. Alithibitishwa mwaka 2016, akatangazwa spishi mpya mwaka 2022: Otus bikegila, jina la utani la askari wa hifadhi aliyekuwa zamani mtega kasuku. Wanakadiriwa kuwa 1,000 hadi 1,500 tu, ndani ya kilomita za mraba 15 hivi. Bila masikio tungemjua lini?

Sisi huku bundi akilia juu ya paa tunamrushia mawe, tunasema kaleta mkosi. Halafu mgeni anakuja na kinasa sauti, anarekodi, anaondoka, na mtoto wa Konde akitaka kumsikia bundi wa kwao afungue tovuti ya Uholanzi. Vyuo vyetu vinafundisha wanyamapori kila mwaka. Kila mwanafunzi ana simu inayorekodi. Nataka kujua nani atawapeleka Ngezi usiku, na rekodi hizo zitatunzwa wapi hapa nchini.