Kosa Lifanyike Wapi?

Mwanachuo anayerudi kutoka katika mazoezi ya kufundisha aghalabu husimulia yale yaliyofaulu. Yale yaliyoharibika huyaficha. Si haki kumlaumu, maana sisi wakufunzi tumemzoesha kuamini kwamba kosa ni alama iliyopotea. Maoni yangu ni kwamba kosa ni sehemu ya kujifunza. La kujiuliza ni hili: lifanyike wapi, na likisha kufanyika asimuliwe nani? Jibu nililipata mahali nisipopatazamia, katika mchezo wa kuigiza urubani kwa kompyuta.

Wako watu katika nchi nyingi ambao, kwa mapenzi tu, hurusha ndege za kuigiza wakiwa nyumbani kwao. Baadhi yao wameunda mashirika ya ndege ya kuigiza. Mashirika hayo yana ratiba za safari na vyeo vya marubani, lakini hayana abiria wala mishahara. Kila safari ikiisha, rubani hupeleka taarifa ya muda aliotumia, mafuta yaliyochomwa, na kasi ya ndege kushuka ilipogusa ardhi.

Nami nilijiunga na shirika moja la namna hiyo, nikafanya makosa ya kila mgeni. Kwanza, niliidharau ndege ndogo ya injini moja, nikakimbilia ndege kubwa ya abiria. Pili, niliuachia mtambo wa kujiendesha kazi yote kabla sijaweza kuishika ndege kwa mikono yangu. Tatu, sikupanga mteremko. Marubani wana kanuni nyepesi: kila futi 1,000 za kushuka zahitaji maili 3 za baharini za kwenda mbele. Nilikuwa nikitoka Dar es Salaam kwenda Kilimanjaro, kimo cha futi 30,000. Uwanja wa Kilimanjaro uko karibu futi 3,000 juu ya usawa wa bahari. Basi nilikuwa na futi 27,000 za kushuka, na ilinipasa nianze maili 81 kabla ya kufika, yaani kama kilomita 150. Mimi nilianza zikiwa zimebaki maili 40. Nilipofika juu ya uwanja, ulikuwa bado chini yangu kwa zaidi ya futi 13,000. Nikaiinamisha ndege kwa pupa, nikaianguka nayo.

Nilitaka kuificha safari ile. Hata hivyo nilipeleka taarifa, na mwenzangu mmoja mzoefu hakunicheka. Aliniuliza tu: "Uliamua kushuka wakati gani, na kwa nini wakati huo?" Sikuwa na jibu, na hapo ndipo nilipoanza kujifunza.

Jambo hili si la mchezo tu. Mwaka 1929 Mmarekani Edwin Link, ambaye baba yake alikuwa na kiwanda cha vinanda, alitumia mivukuto ya vinanda kutengeneza mashine ya kufundishia urubani pasipo kuondoka ardhini. Wengi waliiona kama kitu cha kuchezea. Mwaka 1934 jeshi la Marekani lilipewa kazi ya kuchukua barua kwa ndege. Marubani kadhaa walikufa, kwa kuwa hawakuzoea kuruka usiku na katika ukungu kwa kutegemea vyombo. Mwaka huo huo jeshi likanunua mashine 6 za Link.

Sasa tutazame darasani. Ndege kubwa ni darasa zima la watoto, analokabidhiwa mwanachuo ambaye hajapata kufundisha hata watoto watano. Mtambo wa kujiendesha ni andalio la somo lililonakiliwa kwa mwenzake: mtoto akiuliza swali lisilokuwamo, mwalimu hujikuta hana la kushika. Na kipindi cha dakika 40 kina mteremko wake. Anayetumia dakika 30 kwa utangulizi hukuta kengele imelia, zoezi halijasahihishwa, wala hajui nani ameelewa. Dawa ni ile ile ya rubani: hesabu kuanzia mwisho.

Wako watakaosema kwamba wanachuo wanaojifanya wanafunzi si watoto halisi. Ni kweli, na mashine ya Link haikuwa ndege. Lakini mimi niliweza kuianza upya safari yangu, ilhali mtoto aliyefundishwa kugawanya vibaya hawezi kuianza upya Jumatatu yake. Yeye ndiye hulipa gharama ya kosa letu.

Kwa hiyo napendekeza mambo mawili. Kila somo gumu lifundishwe kwanza mbele ya wenzetu chuoni, likosewe huko, lirudiwe. Na kila taarifa ya mazoezi iwe na sehemu ya yale yaliyoharibika, ambayo mkufunzi ataisoma bila kupunguza alama. Wahenga walisema, kufanya kosa si kosa, kosa ni kurudia kosa. Lakini kosa lililofichwa halina budi kurudiwa.