Mtihani wa mikopo ya nyumba Marekani hautaki mwakenya

Kijana Mkenya aliye Dallas au Minneapolis, anayekesha kwenye shifti za kutunza wazee na wikendi anaendesha Uber, akisema amechoka na anataka kazi ya ofisini, hakosi mtu wa kumwambia: fanya ule mtihani wa maafisa wa mikopo ya nyumba, kule hawaulizi digrii.

Ni kweli hawaulizi. Mimi niliyeacha chuo kabla ya kuvaa joho nafurahi kusikia kuna kazi ya maana ambayo mlango wake haulindwi na karatasi ya chuo kikuu. Shida ni mkia unaofuata ushauri huo: "Usijisumbue kubukua, kuna mtu ana maswali yenyewe, lipa tu akutumie." Yaani ni mwakenya ule ule wa shule ya upili, sema tu umepanda ndege. Hapo mimi nakataa.

Tuanze na masharti. Anayetaka leseni husoma kwanza saa 20 za mafunzo yaliyoidhinishwa: 3 za sheria za serikali kuu, 3 za maadili, 2 za mikopo isiyo ya kawaida, na zilizobaki anachagua. Baadhi ya majimbo huongeza zao. Kisha unakuja mtihani: maswali 120 ya kuchagua jibu, dakika 190, ada dola 110. Kupita ni asilimia 75. Vyuo vyetu vingi humpitisha mtu kwa 40, kwa hivyo mazoea ya huku yaache uwanja wa ndege. Ukianguka unangoja siku 30. Ukianguka mara tatu mfululizo unangoja siku 180. Miezi sita, jamani! Na ukipita, bado alama zako za vidole zinaenda FBI na rekodi ya madeni yako inakaguliwa. (Walioajiriwa na benki hujisajili tu bila mtihani huu. Leseni ni ya wale wa kampuni za mikopo na madalali.)

Sasa mambo ya njia za mkato. Januari 2022, wasimamizi wa fedha wa majimbo 42 walitangaza makubaliano na maafisa wa mikopo 441 waliodai wamehudhuria mafunzo ya kila mwaka ilhali hawakuhudhuria. Walisalimisha leseni kwa miezi mitatu, wakatozwa faini ya dola 1,000 kwa kila jimbo walilokuwa na leseni, na wakarudishwa darasani. Hao hata hawakuiba mtihani, walidanganya tu kuhusu masomo. Mwenye leseni za majimbo matano hapo amelipa dola 5,000 kukwepa saa chache za kukaa kwenye kiti.

Ukali huu haukuja bure. Kabla ya 2008, watu waliuziwa mikopo ambayo hakuna aliyeangalia kama mshahara wao ungeitosha. Riba ilianza chini, ikapanda, na mamilioni wakapoteza nyumba. Julai mwaka huo bunge la Marekani likapitisha sheria ya SAFE, ambayo ndiyo mama wa mtihani huu. Na wateja wa kwanza wa afisa Mkenya watakuwa nani kama si shangazi, watu wa kanisani na jamaa wa chama? Wanamwamini kwa sababu anaongea lugha yao. Wakitia sahihi mkopo ambao yeye mwenyewe hauelewi, nyumba inayopigwa mnada si yake.

Tena sisi tunaanzia nyuma kidogo. Wengi wetu tumelelewa na wazazi waliojenga jiwe kwa jiwe, mabati mwaka huu, madirisha mwaka ujao. Ripoti za Benki Kuu zinaonyesha nchi hii nzima ina mikopo ya nyumba kama 30,000 hivi. Kwa hivyo Mmarekani aliyekua akiwasikia wazazi wakilalamikia riba inayopanda na bima ya mkopo anajua maneno ambayo wewe unayaona mara ya kwanza kwenye kitabu. Hilo linatibiwa kwa muda. Si kwa PDF ya mtu usiyemjua.

Chukua jambo moja linaloangusha watu: siku ya kazi. Mteja akishaleta ombi lake, mkopeshaji ana siku 3 za kazi kumpa makadirio ya gharama. Kabla ya kutia sahihi ya mwisho, lazima awe amepata taarifa kamili siku 3 za kazi mapema. Unaona kama ni kitu kimoja, sivyo? La. Kwenye ile ya kwanza, siku ya kazi ni siku ambayo ofisi ya mkopeshaji iko wazi. Kwenye ya pili, kila siku inahesabika isipokuwa Jumapili na sikukuu za kitaifa, kwa hivyo Jumamosi imo hata kama ofisi imefungwa. Aliyekariri "3" atabaki ameduwaa swali likibadilisha Ijumaa kuwa Jumamosi. Aliyeelewa atachora kalenda na kusonga mbele.

Hesabu nazo si za kutisha. Mteja anapata dola 5,000 kwa mwezi kabla ya makato, nyumba itamla 1,500, gari 400, kadi ya mkopo 100. Jumla 2,000, yaani asilimia 40 ya mapato. Fanya hivyo mara hamsini na namba tofauti, basi. Sehemu ya maadili ndiyo ningeikalia zaidi. Ni asilimia 18 ya mtihani, na inagusa mambo ambayo huku tunayaita ya chai. Wakala wa nyumba akikupa dola 200 kwa kumpelekea mteja, sheria ya RESPA ya 1974 inasema nyote mna kosa. Na malipo yako hayawezi kupanda eti kwa sababu umemsukumia mama wa watu riba ya juu.

Ombi langu kwa mliotangulia huko: mnaweza kukusanya pesa za mazishi kwa usiku mmoja, basi tengenezeni pia kikundi cha kusoma cha watu wanne, Jumapili jioni kwa simu, mmoja anauliza na wengine wanajibu. Na akitokea mtu wa kukuuzia "maswali yenyewe" huku akijiita afisa wa mikopo, muulize namba yake ya leseni. Kisha fungua tovuti ya NMLS Consumer Access, ni bure, uandike namba hiyo uone kama yumo.