Daraja Jipya, Maji Yale Yale
Ukipita Daraja la Tanzanite, Dar es Salaam, maji yakiwa yamekupwa, pandisha vioo vya gari. Daraja lenyewe, kilomita 1 na ushei, linapendeza tangu lifunguliwe 2022. Ila hapo ndipo Mto Msimbazi unapomwagika, umeshapita Vingunguti na Jangwani, na mvua kubwa ikinyesha kuna wanaotapisha vyoo mtoni. Wafanyeje? Gari la majitaka halipenyi vichochoroni, na bei yake si ya mpangaji wa chumba kimoja. Tena tusiwaseme wao tu: mabomba ya majitaka ya katikati ya jiji, ya tangu enzi za mkoloni, nayo yamekuwa yakimwaga baharini, jirani na Barabara ya Ocean. Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya meta 60 kutoka ufukweni. Kuta zilizojengwa ufukweni Msasani, naona, hazijaisoma. Wasio na hela ya kiingilio wamebakiziwa ufukwe wa Coco. Jumapili watoto wa Manzese wanashuka kwenye daladala, wanakula muhogo wenye pilipili, kisha wanajitosa baharini. Wa hotelini wana bwawa lenye klorini.