Wastani wa Taifa Hauzalishi Mtu



Ndugu waamini, utafiti wa afya wa taifa wa mwaka 2015/16 ulionyesha kwamba kwa kila watoto 100,000 waliozaliwa hai, akina mama 556 walifariki kwa sababu za uzazi. Utafiti wa mwaka 2022 ulitaja 104. Tumshukuru Mungu, na tuwashukuru wauguzi. Lakini wastani wa taifa hauzalishi mtu. Anayezalisha ni mkunga, naye sharti awe karibu.

Mama atokwaye damu nyingi baada ya kujifungua aweza kufariki kwa muda wa saa mbili tu. Aishiye Morogoro mjini hufikishwa hospitali ya mkoa ndani ya muda huo. Aishiye kitongoji cha wafugaji, ng'ambo ya mashamba ya mpunga ya Dakawa, huanza kwa kutafuta bodaboda, na wakati wa masika hata bodaboda hukwama. Januari 2014 mafuriko yaliikata barabara kuu ya Dodoma pale Dumila. Njia ya kitongojini tuinene nini? Na mama huyo ndiye apandikizaye mpunga tunaoula, miguu majini, pengine mimba ikiwa kubwa.

Wengi humlaumu muuguzi kwa maneno makali. Ukali mbele ya mwenye uchungu hauna udhuru, nami siutetei. Walakini, tuulize pia amelala saa ngapi. Katika zahanati yenye muuguzi mmoja, yeye hupima wajawazito asubuhi, huchanja watoto, hujaza madaftari, kisha usiku hugongewa mlango. Mara nyingi naye ni mwanamke, mwenye mimba zake na watoto wake.

Sera ya nchi husema huduma za uzazi katika vituo vya serikali ni bure. Penye upungufu, mama huja na glavu, nyembe na mpira wa kulalia alivyojinunulia. Asiye navyo huona haya, akabaki nyumbani.

Sisi mapadre huhubiri kwa sauti kuu uhai wa mtoto aliye tumboni, na ni wajibu wetu. Lakini Bikira Maria hakumpelekea Elizabeti salamu tu. Alipanda milimani, akakaa naye miezi kama mitatu. Parokia imwombeayo mjamzito bila kujua atasafirije usiku haijafika kwa Elizabeti.

Kwa hiyo napendekeza Halmashauri ya Walei ipeleke hoja kwenye mkutano mkuu wa kijiji: mapato na matumizi ya zahanati yasomwe hadharani, na nyumba ya muuguzi wa pili itengewe fedha. Jumuiya ndogondogo zijue kila mjamzito wao na zimfundishe kupiga 115 kuomba usafiri wa dharura. Na wanaume wahudhurie. Jambo hili limeachiwa WAWATA muda mrefu mno.