"Trauma" Si Pambo la Hadithi

Jamani waandishi wenzangu, hili neno "trauma" tulipumzishe kidogo. Juzi juzi nimesoma hadithi nne za vijana wa huku kwetu Mbinga na Nyasa, zote za Kiingereza, na katika zote nne limo. Bei ya kahawa imeshuka: trauma. Demu kamkataa mtu pale stendi: trauma. Ung'eng'e wa namna hiyo ni wa kuzuga tu.

Neno lenyewe asili yake ni Kigiriki, maana yake jeraha. Madaktari walikuwa nalo kabla yetu. Dereva wa bodaboda akianguka kwenye kona za kushukia Mbamba Bay akapasuka kichwa, daktari anaandika "head trauma", na yuko sahihi hata kama majeruhi anacheka. Maana ya pili, jeraha la nafsi, ilishika mizizi mwishoni mwa karne ya 19. Na mwaka 1980 ndipo madaktari wa akili wa Marekani walipouingiza rasmi ugonjwa unaotokana nalo kwenye orodha yao. Basi, iwe mwili au nafsi, pawepo kilichojeruhiwa. Tukio ndilo "traumatic". Aliyeumia ni "traumatized". Na wewe uliyeandika "I am traumatic", unatutangazia kwamba wewe ndiye ajali!

Mwingine kaandika "the trauma of 1906", akimaanisha Wajerumani walivyowanyonga viongozi wa Wangoni pale Songea, Februari mwaka ule, vita vya Maji Maji vikiendelea. Wasomi huandika hivyo, sikatai. Lakini ukurasa mzima haumwonyeshi hata mtu mmoja aliyebaki. Nani aliziona kamba? Mtoto gani alikuwa akishtuka usingizini? Njaa iliyofuata ilimkuta nani, wapi? Neno kubwa limesimama mlangoni, ndani nyumba tupu.

Wapo wanaojitetea eti Kiswahili hakina neno. Acheni hizo. Kihoro tunacho, kiwewe tunacho. Hayalingani sawasawa na "trauma", na afadhali yasilingane, maana kila moja lina kazi yake. Kihoro humshika mtu aliyefiwa au kupotewa ghafla. Kiwewe ni kule kuchanganyikiwa hadi hujui ushike lipi. Mwera ukivuma ziwani na mtumbwi usirudi Liuli, mke wa mvuvi ana kihoro jioni ileile, wala huhitaji Kimombo kumweleza. Lakini miaka mitano imepita, bati likigongwa na upepo bado anaamka na kwenda ufukweni kuangalia? Hapo sasa, kama unaandika Kiingereza, "trauma" ni halali yako. Ila mimi ningemwandika akifungua mlango usiku, taa mkononi, na neno nisingelitia kabisa.